Kipimo cha Siku ya Tatu

Watu wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, wana adabu moja ambayo haijaandikwa popote: kwa daktari huendi ovyo. Unaweza kuwa hoi bin taabani, lakini utaogeshwa kwanza, utapakwa mafuta, utasukwa, utafungwa kikwembe, kile kitenge cha Noeli, ndipo upelekwe ukaeleze kwamba unakufa. Madaktari wengi wamedanganywa na mafuta hayo, na hakuna aliyekusudia kuwadanganya.

Ilipotangazwa kwamba dokta kutoka Bukavu anakuja kutafiti uchovu usioisha, na kwamba wagonjwa kumi na wanne watapimwa damu na kutembezwa dakika sita uani mwa kituo cha afya, Suzanne alilichukua jembe la Émilienne, mke wa mwanawe na mmoja wa hao kumi na wanne, akaliweka chumbani kwake.

"Mama Bienfait, juma hii haugusi kazi," alisema. "Sitaki ule dokta aseme bibi ya mutoto wangu iko sawa vile gunia."

Huyo ndiye Suzanne. Miaka mitatu alikuwa amemwita Émilienne mvivu, mbele yake na nyuma yake, na sasa alimlaza kitandani kwa amri. Juma zima Suzanne, na miaka yake sitini, alichota maji, akaloweka mihogo, akatwanga majani ya sombe, akapanda shambani kwenye njia ya Fizi na kurudi jua likiwa linazama. Émilienne alilala, akala samaki, akalala tena. Siku ya kipimo mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alivaa viatu vya kanisani, akatembea kutoka mlango wa maabara mpaka ukutani, mara kumi na saba, mgongo umenyooka kama shemasi anayepeleka matoleo.

Dokta Déogratias, kijana mwembamba mwenye miwani, alisimamisha saa ya simu yake na kuuliza, "Mama, unajisikia aje?"

"Niko muzuri, dokta. Aksanti."

Na ilikuwa kweli. Siku ile hakuwa na neno.

Tatizo ni kwamba ugonjwa wake haukuwa wa siku ile. Miaka mitatu nyuma homa ilipita kando ya ziwa, ikawalaza watu wengi, nao wakaamka baada ya majuma mawili. Émilienne naye aliamka, ila nguvu zake hazikuamka zote. Tangu hapo maisha yake yalikwenda kwa mtindo mmoja. Siku ya kazi alilima pamoja na wenzake, akawatania, akarudi na kuni kichwani. Siku ya pili mwili ulikuwa mzito. Siku ya tatu alianguka: mwanga ukimchoma macho, sauti za watoto zikimuumiza kichwa, mkono ukishindwa kushika kitana. Akilala aliamka kana kwamba hakulala. Hali hiyo ilichukua juma, wakati mwingine majuma mawili, kisha akatoka tena nje, na majirani wakasema, si huyu hapa, mzima kabisa.

Alitibiwa palu, yaani malaria, mara saba. Alitibiwa tifoide mara nne, ingawa tumbo halikuwahi kumuuma. Alitundikiwa serumu ya vitamini ya rangi ya njano ambayo ilimfaidi zaidi aliyeiuza. Mganga mmoja alimwambia ana mawazo, naye akajibu kwamba mawazo anayo, kama mtu yeyote mwenye akili, ila hayamshiki miguu.

Mbaya zaidi ilikuwa zamu. Pale wanawake wanalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na aliyelimiwa lazima naye akalime. Émilienne alianza kukosa zamu. Mara ya kwanza walimletea uji. Mara ya tano hawakuleta kitu. Jina la mvivu likaanza kutembea peke yake sokoni, likifika mahali kabla yeye hajafika, na lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu ujana wake wote alikuwa mtu wa kwanza kufika shambani.

Mwishowe ukoo ulikaa. Mume wake, Anatole, ni mvuvi, mtu wa maneno machache, na siku ile alisema sentensi moja. "Tungoje karatasi ya dokta." Wote wakakubali. Karatasi ikisema ni mgonjwa, nyumba itatafuta njia. Ikisema mzima, Émilienne atarudi kwenye mashamba yote mawili na zamu zote, kama zamani, bila visingizio. Hakupinga, ila alijua hesabu ya mwili wake. Kwa mwendo ule asingefika mwisho wa msimu amesimama.

Majibu yalisomwa baada ya majuma matatu. Dokta Déogratias aliwakusanya wagonjwa kwenye mabenchi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Sitawaficha, bamama," alisema. "Damu iko sawa. Moyo iko sawa. Ile kutembea, mulitembea sawa batu bazima. Tutapima tena kisha miezi mbili, njo tutatoa karatasi. Lakini kama itakuwa hivi, hii konsultasyo ya Alhamisi itafungwa."

Alhamisi ndiyo siku pekee ya juma ambapo wagonjwa wa uchovu walipokewa kituoni. Mwanamke mmoja wa nyuma alianza kulia kimya kimya, na wenzake walimwelewa. Kuna watu wanaolia kwa kuambiwa wana ugonjwa; hawa walilia kwa kuambiwa hawana.

Nyumbani, Suzanne alilitoa jembe chumbani akamrudishia. Hakumtukana. Alikuwa amepata alichokuwa akikingoja, na zaidi ya hapo kimetoka kwa mtu aliyesoma. Émilienne alilima Jumatatu, akalima Jumanne. Alhamisi alikuwa amelala gizani, kitambaa juu ya macho, akisikia mama mkwe wake akimwambia jirani nje kwamba hata dokta ameshangaa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda, na Émilienne ni mmoja wa wale ambao hasira inawaongezea akili. Alianza kuhesabu. Siku waliyompima, alikuwa na siku ngapi bila kazi? Saba. Na leo, siku ya tatu baada ya jembe, yuko wapi yule dokta na saa yake? Hayuko. Basi hawakumpima yeye. Walipima mapumziko ya juma moja. Walipima mabega ya Suzanne, nayo ni mabega mazuri, hakuna dokta atakayeyakuta na kasoro.

Ilimchukua siku tisa kuweza kukaa juu ya pikipiki. Siku ya kumi alishuka Lusenda, kambini, akamtafuta Kezimana. Huyu alikuwa mkulima kutoka Burundi, mkimbizi hapo tangu kambi ilipofunguliwa, mmoja wa wale kumi na wanne. Alimkuta ameketi mlangoni akimenya muhogo, polepole, akipumzika kila baada ya mmoja.

"Mama Arakaza, ni swali moja tu linanileta. Mbele ya kwenda kupimwa ulifanya nini?"

"Nililala," Kezimana alisema. "Bajirani walinichotea maji siku tano. Nilifua nguo, nikasukwa. Ungetaka niende kuonekana aje?"

"Na miye vile vile."

Walitazamana. Kezimana ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Basi tulimupelekea dokta bazima kumi na bane," alisema.

Kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba kambini wanamwambia anajilegeza ili aandikwe kwenye orodha ya wasiojiweza, na kwamba dada yake mwenyewe amesema hivyo. Émilienne alimshika mkono. Hakumwambia pole. Alimwambia, "Wiki iyi tunaenda kwa dokta, we na mi."

Kabla ya kwenda, walipiga simu kwa wengine. Kati ya wale kumi na wanne, kumi na mmoja walikuwa wamepumzishwa kwanza na jamaa zao, wakapakwa mafuta, wakapelekwa wanang'aa.

Dokta Déogratias aliwapokea kati ya wagonjwa wawili, kalamu mkononi. Émilienne hakukaa mpaka amemaliza. Alimweleza siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alimweleza lile juma la mapumziko.

"Dokta, uko unapima mutu wakati haumwe. Utupime Jumanne, utuache tuende kwa kazi yetu ya siku zote, halafu utupime tena Alhamisi. Njo utaona."

"Mama, mupango wa utafiti unasema kutembea mara moja."

"Ule aliandika mupango alishaugua hii ugonjwa?"

Dokta hakukasirika. Alikuwa na adabu, hilo lazima tumpe. "Na kuko kitu ingine," alisema. "Siwezi kuomba mugonjwa afanye kitu yenye itamuongezea ugonjwa. Haiko haki."

"We hautaniomba," Émilienne alisema. "Jembe inaniomba kila juma, na haijawahi kuniuliza kama niko na nguvu. Nitalima hii Jumanne, ukuwe hapa ao usikuwe. Nasema tu, safari hii ukuwe."

Kezimana aliongeza kwa sauti ndogo, "Tumeanguka mara mingi bila mutu wa kuandika."

Kijana yule alitazama fishi, kadi za vipimo vyao, zilizokuwa mezani, zote safi, zote nzuri, zote zikisema mzima. "Shuleni walitufundisha kupima mutu mwenye iko mbele yetu," alisema mwishowe. "Hakuna mwenye alituambia tuulize ni nani alifanya kazi yake nyuma."

Aliahidi kuongea na wakubwa wake Bukavu. Émilienne alikuwa amefika mlangoni aliporudi hatua mbili.

"Na ingine. Mwenye hatafika ile Alhamisi, musiandike kama hakukuya. Mutume mutu amuone kwa kitanda. Mukifuta bale banashindwa kuamuka, mutabaki na bale banasimama, halafu mutasema ugonjwa haiko."

Dokta aliandika sentensi hiyo palepale, neno kwa neno, na alipopiga simu Bukavu ndiyo aliyoanza nayo. Jibu lilichukua siku nne. Walikubali: anayetaka atembee mara mbili, viti viwekwe kila upande, na kila mtu asimame anapotaka bila kuulizwa sababu.

Kuwashawishi wagonjwa kulikuwa kazi nyingine. Dokta amekubali, sawa, lakini waende na udongo miguuni? Bila kusukwa? Mama mmoja wa Mboko alimwambia Émilienne kwenye simu kwamba afadhali afe kuliko kuonekana na manesi katika kikwembe cha shambani. Émilienne alimjibu kwamba mambo hayo mawili yako karibu sana, achague. Mama yule alikata simu, na siku ya siku alikuja na kikwembe kile kile.

Jumanne ya kipimo cha pili walitembea. Émilienne alipata mizunguko kumi na mitano, akacheka na wenzake, na saa sita alikuwa shambani kwenye zamu yake kama Jumanne zote. Dokta alitazama takwimu zake, uso ukiwa na wasiwasi. Kwa mara nyingine tena alikuwa na uwanja uliojaa watu wazima.

Alhamisi asubuhi Suzanne aliingia chumbani na beseni la maji ya moto na mafuta. Alimkuta mke wa mwanawe ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeinama, nywele zimesimama kila upande.

"Leta kichwa nikuchane."

"Hapana, mama. Leo naenda vile niko."

"Batu batasema nini?"

"Baseme. Dokta ataandika kile anaona."

Suzanne alitazama beseni kana kwamba ndilo lililokosa. Hakuweza kumwacha aende hivyo peke yake, maana asingeweza hata kushika kiti cha pikipiki, kwa hiyo alipanda nyuma yake, akamkumbatia kiunoni njia yote, uso wake umefunikwa na mtandio ili asijulikane.

Uani walikuwa wamefika kumi. Wanne hawakuamka, na nesi Aline alikuwa njiani kwa pikipiki na fishi zao, akienda nyumba kwa nyumba. Kezimana alikuwa amelala juu ya benchi, viatu vimegeuzwa kuwa mto. Hakuna aliyeng'aa. Manesi, waliowajua watu hawa kwa vikwembe vyao vya Noeli, walisimama mlangoni wakijaribu kuwatambua.

Ilipofika zamu ya Émilienne, aliinuka. Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda kwa kujikokota. Kwenye wa nne masikio yalianza kulia na ukuta ulikuwa umesogea mbali zaidi. Kwenye wa sita aliugusa, akaegemea.

"Unaweza kuacha, mama," dokta alisema. "Haina ubaya."

Zilibaki dakika tatu. Watu walikuwa wanatazama. Na kila kitu alichofundishwa tangu msichana kilimwambia amalize, maana mwanamke haachi mstari katikati ya shamba mbele ya wenzake. Miguu ingeweza, alijua hivyo. Ingeweza miwili, pengine mitatu zaidi, kwa kuuma meno. Miaka mitatu alikuwa akimaliza hivyo, ili asisemwe, na kila kumaliza kulimgharimu juma la maisha. Aliogopa kuacha kuliko alivyowahi kuogopa homa.

Akakaa chini. Hakutafuta kiti. Alikaa kwenye vumbi la uani, miguu imenyooka mbele, mbele ya manesi na wagonjwa na wapita njia.

"Andika, dokta," alisema. "Sita. Usiongeze hata moja."

Suzanne alikuwa amesimama penye lango, mtandio usoni. Kwanza aliona aibu, kisha akaogopa. Miaka yote mitatu, siku kama hii ilikuwa kwake mlango uliofungwa na mtu anayekataa kuufungua. Hakuwahi kuiona ikitembea na kuanguka mchana kweupe. Alivua mtandio, akapita katikati ya watu, akachutama akamshika Émilienne mabega. Kisha akamgeukia dokta, na sauti yake ilikuwa kali kama kawaida, kwa kuwa hana nyingine.

"Ile mara ya kwanza, dokta, haukumuona. Juma muzima kazi yake niliifanya miye. Andika na ile. Miye Suzanne."

Dokta aliandika na jina pia. Émilienne alilia hapo chini, bila kujificha, naye hakujua kama analia kwa uchovu au kwa furaha, na kwa kweli vilikuwa vyote viwili.

Karatasi zilitoka baada ya mwezi. Kati ya kumi na wanne, kumi na wawili walikuwa wameanguka siku ya tatu, wakiwemo wote wanne wa kitandani, ambao hakuna aliyewaandika kuwa hawakuja. Konsultasyo ya Alhamisi haikufungwa. Karatasi ya Émilienne ilisema mgonjwa, kwa muhuri, na Anatole aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya nyumba. "Basi tutafute njia," alisema. Ilikuwa sentensi yake ya pili katika jambo hili, na aliitekeleza: shamba moja walilikodisha.

"Na dawa?" Suzanne alimuuliza dokta siku ya kuchukua karatasi.

"Dawa haiko bado, mama. Tuko tunatafuta. Kwa sasa, aache kazi wakati angali na nguvu. Asifike mwisho."

"Aache akiwa na nguvu?" Suzanne alirudia. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia ushauri wa kipuuzi kama huo, na aliusema hivyo, lakini njiani aliurudia mara kadhaa kwa sauti ya chini ili asiusahau.

Dokta alikuwa ameomba jambo lingine pia. Maswali ya utafiti unaofuata yasomwe kwanza na Émilienne na Kezimana, kabla ya kupelekwa kwa wagonjwa. Walikaa asubuhi mbili, saa moja moja, na kufuta mengi. Penye "Je, ulishindwa kufanya kazi zako?" Émilienne alipiga mstari. Hakuna mwanamke wa Fizi nzima atakayekubali kwamba alishindwa, alisema. Chini yake akaandika: "Kazi zako zilifanywa na nani?"

Mvua za kwanza zilipokuja, zamu ilikuwa shambani kwa jirani yao Arlette, kwenye njia ya Fizi, wanawake tisa kwenye mistari tisa. Émilienne alilima vizuri. Mkono ulikuwa mwepesi, udongo ulikuwa laini, na mwili ulimwambia kwamba leo anaweza kumaliza wa kwanza kama zamani. Jua lilikuwa halijapita juu ya kilima. Alifika katikati ya mstari wake, akalaza jembe, akakaa.

Mistari saba ilisimama. Ukimya ule aliufahamu; ndio uliomfuata sokoni miaka mitatu. Suzanne, mstari wa pili, hakuinua kichwa. Aliendelea kulima.

"Mama Bienfait," Arlette aliita, si kwa ubaya sana. "Bado ni asubuhi. Ushachoka?"

Émilienne alinyoosha miguu yake, akamtazama usoni.

"Hapana," alisema. "Sijachoka bado. Njo maana nimekaa."